Vyaelea Vimeundwa: Lugha ya Chombo katika Ubia wa Makumbusho na Shule za Pwani ya Waswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna elimu ya utamaduni na bahari inavyotolewa kwa shule na jamii kupitia ubia wa makumbusho katika pwani ya Waswahili, hususan Mombasa, Lamu na Unguja. Yanadai kwamba ubia huo umelelewa zaidi chini ya somo la historia na kazi ya uhifadhi wa majengo, na kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili kimetumiwa kutajia vitu badala ya kuwa chanzo cha maarifa yenyewe. Kwa kuchambua methali za bahari zinazofundishwa shuleni, mtindo wa maandishi ya maonyesho, na utungo wa Ahmed Sheikh Nabhany, Sambo ya Kiwandeo (1979), makala yanaonyesha kwamba msamiati wa chombo hupata maana kwa mpangilio wa kazi, na kwamba mwalimu wa Kiswahili na fundi wa chombo ndio washirika wanaokosekana katika ubia huo. Yanagusa pia udhaifu wa njia ya Nabhany mwenyewe.

Nomino iliyoachwa

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya, awe Kitui au Kakamega, hufunzwa mapema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Huikariri methali hiyo, huitumia kufungia insha, na huielewa kwa maana yake ya jumla kwamba mafanikio yana jasho nyuma yake. Swali asiloulizwa ni la kisarufi: kiambishi vi- katika vyaelea na vimeundwa kinarejelea nomino gani? Jibu la haraka ni 'vitu'. Lakini vinavyoelea na kuundwa ni vyombo, na kitenzi kuunda, kama kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inavyokieleza, kilihusishwa hasa na kazi ya mbao na utengenezaji wa vyombo vya majini. Kwa Kiamu, ambacho ngeli hiyo huchukua zi-, wangesema zombo. Msemaji wa kwanza hakuitaja nomino kwa kuwa ilikuwa mbele ya macho ya wote, imetia nanga. Kwa mwanafunzi wa leo nomino hiyo haitajwi kwa sababu haijulikani, na sarufi ya methali, iliyokuwa na adabu ya kutosema lililo dhahiri, imegeuka kuwa kitendawili ambacho hakuna anayekitega.

Wanaisimu nao wana deni hapa. Muundo wa sentensi, uundaji wa istilahi, kiunzi cha nadharia: kila tasnifu yenye sura ya kiunzi imeazima kutoka karakana ya fundi wa chombo, mara nyingi bila mwandishi wake kuwahi kufika huko.

Methali nyingine inaonyesha hasara hiyo kwa uwazi zaidi. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vitabu vya shule huifafanua kwa wepesi kwamba mtu hata akizunguka vipi, mwishowe hurudi kwao. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo, panapokusanyika maji yanayovuja. Ufafanuzi wa kitabuni umeihifadhi dhana ya marejeo na kuipoteza ngama. Kwa baharia, ngamani si mahali pa kupumzikia. Ndipo anaposhuka na upo kufua maji, usiku na mchana, kwa kuwa chombo cha mbao huvuja na maji hayasubiri. Ikisomwa hivyo, methali haina utulivu wa nyumbani hata kidogo: unaweza kutembea kwa madaha juu ya chombo chote, kazi ya chini inakungoja. Usomaji huo unaweza kupingwa, na ni vizuri upingwe. Ila hauwezi hata kuanza kwa mtu asiyejua ngama iko wapi.

Na mrama? Magazeti huandika kila siku kwamba mazungumzo yamekwenda mrama, kwa maana ya kuharibika. Chombo kwenda mrama ni kuyumba huku na huku, hali ambayo baharia huisikia tumboni kabla ya kuiona. Sitiari imekufa, na kifo chake hakikusababishwa na umbali wa bahari peke yake, kwani wanafunzi wa Mombasa wanaovuka Likoni kwa feri kila asubuhi huiandika kwa maana ileile ya magazeti.

Bahari, kwa hiyo, imo darasani tayari. Imo katika somo la Kiswahili, nchi nzima, kila juma. Cha kushangaza ni kwamba makumbusho yanapokuja kuleta bahari shuleni, hupitia mlango mwingine.

Makumbusho, makavazi na kadi ya maelezo

Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindania taasisi hii. Makumbusho yametokana na kumbusha, kitenzi cha kusababisha chenye mtendaji na mtendwa: kuna anayekumbusha na kuna anayekumbushwa. Makavazi, yanayosikika sana katika vyombo vya habari vya Kenya, yanatoka katika wazo la kuhifadhi kitu cha thamani mahali pa salama. Tanzania neno kavazi limeelekea zaidi kwenye hifadhi ya nyaraka, kama katika Kavazi la Mwalimu Nyerere. Tofauti hiyo ina uzito. Makavazi yanaweza kutimiza kazi yake mlango ukiwa umefungwa. Makumbusho hayawezi, kwa kuwa kitenzi chake kinadai mtu wa pili.

Historia ya taasisi za pwani imeegemea upande wa kavazi. Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962, na ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mji wa Kale wa Lamu ulikuwa umetangulia katika orodha hiyo mwaka 2001. Huko kote kilichopewa hadhi kwanza ni jiwe: kuta, milango, mabaraza, misikiti. Ubia na wafadhili, vyuo vya nje na mashirika ya kimataifa ulifuata jiwe, na elimu kwa shule ikafuata ubia. Kuta zilihitaji kukarabatiwa, hilo halina ubishi. Lakini mpangilio huo uliamua mapema kwamba ziara ya shule itakuwa ya somo la historia, mwalimu atakayeiandaa atakuwa wa historia, na maswali watakayojibu wanafunzi watakaporudi yatakuwa ya mwaka gani na nani alimshinda nani. Mwalimu wa Kiswahili, ikiwa yumo katika basi, amekuja kusimamia nidhamu.

Lugha ya maonyesho inaakisi uamuzi huo. Mfano wa kubuni, uliotungwa kwa kufuata mtindo uliozoeleka wa kadi za maelezo, utafaa kwa uchambuzi: 'Jahazi ni boti ya kiasili iliyotumiwa na Waswahili kwa biashara. Ilitengenezwa kwa mbao na kuendeshwa kwa nguvu ya upepo.' Hakuna kosa la sarufi katika maneno hayo, wala uongo. Lakini kila chaguo la lugha lina athari. Jahazi linafafanuliwa kwa boti, yaani neno la wenyeji linapewa uhalali kwa neno la mkopo lililo pana na tupu zaidi. Sifa ya kiasili inakitoa chombo katika wakati. Njeo ya -li- inakizika, ilhali katika funguvisiwa la Lamu majahazi na mashua bado husafiri. Kauli ya kutendwa inamfuta fundi: ilitengenezwa, na nani? Kitenzi chenyewe ni kutengeneza, ambacho hufaa kwa kiti na kwa chai, wakati lugha ina kuunda. Upepo nao hauna jina. Anayeijua bahari angeuliza hapohapo kama ni kaskazi au kusi, maana jahazi lililotoka Lamu kwenda Unguja kwa upepo mmoja lilingoja mwingine kurudi, na kungoja huko ndiko kulikojenga ndoa, madeni, misikiti na mashairi ya pwani.

Kadi ya namna hiyo huonekana kama tafsiri hata pale ambapo haikutafsiriwa, kwa sababu imefikiriwa kwa mahitaji ya mgeni. Mgeni hajui jahazi, kwa hiyo anaambiwa ni boti. Mtoto wa Lamu, ambaye huenda babu yake alikuwa sarahangi, anasoma kadi hiyohiyo na kujifunza kwamba alichokijua ni cha kiasili na kimepita.

Chombo cha wageni na mtepe wa wenyeji

Ubia wa kitaalamu uliofanikiwa sana katika bahari ya Kenya ulihusu meli ya wengine. Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyoundwa India, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani katika vita vilivyodumu kuanzia 1696 hadi 1698. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na taasisi ya akiolojia ya bahari yenye makao Texas, yaliyachunguza mabaki yake chini ya maji, na vitu vilivyotolewa vikawa sehemu ya maonyesho ya ngome. Kazi hiyo ilikuwa ya kitaalamu na ilifungua njia ya fani mpya katika kanda hii. Kutokana nayo, hata hivyo, mwanafunzi anayezuru Mombasa anaweza kuondoka akijua jina, mwaka na mazingira ya kuzama kwa meli ya Kireno, bila kujua jina la kiungo kimoja cha chombo cha Waswahili.

Mtepe haukupata bahati ya kuzama karibu na ngome. Chombo hiki cha funguvisiwa la Lamu kilishonwa kwa kamba za makumbi na kushikizwa kwa vigingi vya mti, bila misumari ya chuma, na kilisafiri kwa tanga la mkeka. Kilitoweka baharini katika miaka ya 1930. Maelezo yake ya kina yaliandikwa na watu wa nje kwa Kiingereza: James Hornell mwaka 1941, kisha A. H. J. Prins, ambaye makala yake ya 1959 kuhusu ngalawa na mtepe na kitabu chake cha 1965 kuhusu usafiri wa baharini wa Lamu vimebaki kuwa rejea. Mafundi wenyewe hawakuandika. Walichokuwa nacho kilikuwa mikononi na katika maneno ya kazi.

Mwaka 2003 mtepe uliundwa upya Unguja, ukawekwa katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuwa limegeuzwa makumbusho. Mwanahistoria Abdul Sheriff, ambaye baadaye angechapisha kitabu kikubwa kuhusu tamaduni za majahazi katika Bahari ya Hindi (2010), alikuwa miongoni mwa walioiongoza taasisi hiyo katika kipindi hicho. Lilikuwa jaribio adhimu. Kwa kuwa mitepe ya mwisho ilikuwa imetoweka takriban miaka sabini nyuma, ilibidi kutegemea mifano midogo na maelezo ya vitabuni, kisha mafundi wakalazimika kugundua upya kwa mkono yale ambayo maandishi hayakuyasema. Hapo makumbusho yalifanya kile ambacho jina lake linadai: yalimkumbusha mtu kwa kumpa kazi. Ila chombo kilipokamilika, kilisimama sakafuni. Kimeundwa lakini hakielei. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha, na ikadhihirika jinsi elimu iliyofungwa ndani ya jengo inavyotegemea afya ya jengo hilo.

Swali la kihakiki linalofuata ni la lugha. Maneno yaliyosemwa na mafundi walipokuwa wakiushona mtepe huo, majina ya mishono, ya vigingi, ya makosa na ya kurekebisha makosa, yana thamani isiyopungua ile ya mtepe wenyewe kwa elimu ya Kiswahili. Rekodi ya namna hiyo ndiyo ambayo ubia wa makumbusho na shule ungepaswa kuitanguliza, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba kuliko chombo na inaingia katika darasa lolote.

Sambo ya Kiwandeo kama maonyesho

Kipo kielelezo cha kazi ya aina hiyo, na kinatoka katika ushairi. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mshairi na mtaalamu wa lugha wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, alitunga Sambo ya Kiwandeo, utungo mrefu wa Kiamu kuhusu jahazi la kisiwa cha Lamu. Ulichapishwa Leiden mwaka 1979 chini ya uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Nia ya mtunzi ilikuwa wazi: kuyahifadhi maneno ya chombo kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Nia hiyo huwafanya wahakiki wengine kuuweka utungo huu kando kama orodha yenye vina. Hukumu hiyo ni ya haraka.

Kilicho muhimu katika utungo huu ni mpangilio wake. Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, na chumba cha maonyesho hupanga vitu kwa aina, nanga pamoja na nanga, makasia pamoja na makasia. Nabhany anafuata kazi: chombo kinaundwa, kinavishwa vifaa vyake, kinatiwa maji, kinasafiri. Katika mpangilio huo neno haliji kabla ya haja yake. Mtu hawezi kuzungumzia mataruma kabla ya mkuku kulazwa, kwa kuwa mataruma hayana pa kukaa. Hawezi kutaja deheni kabla ya kuwapo ubao wa kupakwa. Na foromali bila mlingoti ni gogo. Sintaksia ya maarifa haya ni mfuatano wa matendo, na utenzi, kwa desturi yake ya kusimulia jambo baada ya jambo, ni umbo linaloipokea sintaksia hiyo bila kuilazimisha. Kwa maana hii utungo wa Nabhany ni maonyesho yaliyopangwa vizuri kuliko vyumba vingi vya maonyesho.

Neno demani linaweza kueleza kwa nini mpangilio huo una faida kwa mwalimu. Kamusi zinalipa maana zinazoonekana kutengana: kamba ya pembe ya chini ya tanga, upande wa chombo usioelekea upepo, na majira ya pepo za upole kuelekea mwisho wa kusi. Darasani maana hizo hukaririwa kama ajali ya homonimia. Ndani ya chombo ni vigumu kuziona hivyo. Anayeishika demani mkononi yuko upande wa demani, na anaujua upepo wa msimu kwa uzito wa kamba hiyo. Iwapo etimolojia itathibitisha uhusiano wa maana zote tatu ni suala jingine. Kwa mwanafunzi wa semantiki, saa moja ndani ya mashua ingempa swali la utafiti ambalo kadi ya maelezo haiwezi kumpa.

Hata hivyo Nabhany hapaswi kusifiwa bila kipimo. Utungo wake unamhitaji msomaji awe na faharasa mkononi, na ulipotoka kwa mara ya kwanza kama kitabu ulitoka Uholanzi, ukiwa na maelezo kwa msomaji wa Kiingereza. Ni vigumu kuukuta katika maktaba za shule za Lamu kuliko katika vyuo vya Ulaya, na kwa namna hiyo chombo cha Kiwandeo kimetia nanga mbali na Kiwandeo. Kuna pia tatizo la kinadharia. Nabhany aliamini kwamba hazina ya lahaja inatosha kulijibu kila hitaji jipya, na neno runinga, linalohesabiwa kuwa lake, ni ushahidi kwamba mara nyingine aliona sawa. Lakini msimamo huo hukiona chombo katika hali yake kamili ya zamani. Mabaharia wa leo wana injini, wana boti za faiba, na wana maneno yao kwa hayo yote. Elimu ya bahari itakayoyachukulia maneno ya mitambo kuwa uchafu itakuwa imelirudia kosa la kadi ya maelezo kwa lahaja nzuri zaidi.

Hapa mfano wa Haji Gora Haji wa Tumbatu ni kinga. Aliwahi kufanya kazi ya ubaharia na uvuvi kabla na wakati wa kujulikana kwake kama mshairi, na diwani yake Kimbunga (1994) haina haja ya kuorodhesha viungo vya chombo. Bahari kwake ni mahali pa kufikiria siasa, hasara na majaliwa. Nabhany anampa mwalimu msamiati, Haji Gora anampa sababu ya kuuhitaji. Programu ya makumbusho inayomtumia mmoja bila mwingine italeta ama faharasa isiyo na roho, ama sitiari ambazo wanafunzi hawawezi kuziingia, kama ilivyo sasa kwa tezi na omo.

Ubia na mafungu

Neno ubia, linalopendwa katika hati za miradi, ni la biashara: wabia huweka mtaji na kugawana faida. Vyombo vya Lamu vilikuwa na desturi yao ya kugawana. Baada ya gharama kuondolewa, mapato yaligawanywa kwa mafungu, la chombo, la nahodha na ya mabaharia. Ni halali kuuliza, kwa kipimo hicho hicho, fungu la nani ni lipi katika ubia wa makumbusho na shule. Makumbusho hupata idadi ya wageni na ripoti. Mfadhili hupata picha na jina ukutani. Shule hupata safari. Fundi, anapoalikwa kuonyesha kazi, mara nyingi hupata nauli na makofi, na hatajwi kama mwalimu ingawa ndiye aliyefundisha.

Lugha yenyewe inapinga mgawanyo huo. Kamusi za zamani zinalo neno malimu, kwa maana ya msaidizi wa nahodha aliyeshughulikia uongozaji wa chombo, na shina lake la Kiarabu ni lile lile lililoleta mwalimu. Rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 anatajwa na João de Barros kwa jina la Malemo Caná, ambamo wasomi wengi wameisikia cheo hicho hicho. Jina lake halisi halikuandikwa. Kwamba anayeongoza chombo na anayeongoza darasa wametoka katika neno moja si hoja ya sera ya elimu, lakini inaondoa udhuru wa kuona ajabu fundi au nahodha akisimama mbele ya wanafunzi bila cheti cha ualimu.

Kuna jaribio moja la hivi karibuni ambalo limesogea upande huo, ingawa halikuanzia makumbusho. Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja mwanzoni mwa mwaka 2019, kikitua njiani na kukutana na jamii na shule. Ujumbe wake ulikuwa taka za plastiki, na ujumbe huo uliimeza karibu kila habari iliyoandikwa juu yake. Kwa mwanaisimu jambo la kuvutia lilikuwa kwingine. Malighafi ilibadilika kabisa, umbo na utaratibu wa kuunda ukabaki, na maneno yakavuka kutoka mti hadi plastiki bila kuhitaji kamati ya istilahi. Mkuku wa plastiki ni mkuku. Hiyo ndiyo dalili ya msamiati hai, na inajibu pia hofu ya wanaodhani kufundisha maneno haya ni kuomboleza.

Umuhimu wa jambo hili hauishii darasani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa Lamu kuhusu bandari mpya ya mradi wa LAPSSET, iliona kwamba haki zao, ikiwamo ya utamaduni, zilikuwa zimekiukwa, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kukubali kwamba uvuvi wa asili ni utamaduni ni kukubali kwamba una maarifa na lugha inayoyabeba. Jamii inayodai bahari yake mbele ya sheria inahitaji vijana wanaoweza kutaja, kwa maneno yasiyo na utata, fungu hili la mchanga, mkondo huu, msimu huu, chombo cha namna hii. Kijana aliyefunzwa kwamba jahazi ni boti ya kiasili hana la kusema hapo zaidi ya wakili wake.

Mtaala wa Umilisi nchini Kenya, unaosisitiza kutenda na kushirikisha jamii, unatoa nafasi ambayo mtaala uliotangulia haukuitoa, na katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nafasi hiyo itapotea ikiwa makumbusho yataendelea kuandaa vitini vya historia peke yake na kuvitafsiri baadaye. Kinachohitajika kwanza ni kidogo na hakina gharama kubwa: mwalimu wa Kiswahili aingie katika kamati inayopanga ziara, kadi ziandikwe kwa kumsikiliza fundi, zikitumia kuunda badala ya kutengeneza na njeo ya sasa pale ambapo mambo ni ya sasa, vipande vya Sambo ya Kiwandeo vichapishwe upya kwa ajili ya wanafunzi, vikiwa na ufafanuzi wa Kiswahili kwa Kiswahili, na methali za bahari zifundishwe penye chombo.

Mahali penyewe papo. Matondoni, upande mwingine wa kisiwa cha Lamu, vyombo bado huundwa na kukarabatiwa ufukoni, mbele ya yeyote apitaye. Darasa linaweza kufika huko maji yakiwa yamepwa, chombo kikiwa kimelazwa ubavu na mafundi wakitia kalafati, na mwanafunzi akaambiwa ashuke ndani atafute ngama iko wapi.